Chuo cha Kiprotestanti cha Beirut Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918)

Historia ya Kanisa la Kilutheri katika Kilimanjaro inaukumbuka mwaka 1920, ambapo wamisionari Wajerumani wa Leipzig, ambao Misioni yao ilikuwa imefika huko mwaka 1893, waliondolewa na serikali ya Kiingereza kwa sababu ya uraia wao. Sharika na shule zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, na tangu mwaka 1922 zikapata msaada wa Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Jambo hilo linazaa swali: je, shule iliyoanzishwa kwa fedha za wageni yaweza kusimama pale serikali zinapogombana? Mfano mmoja wa miaka ile ile ya vita unatoka Beirut, mji wa pwani ya Lebanoni, uliokuwa wakati huo chini ya Waturuki wa Dola ya Osmani.

Asili ya Chuo

Chuo cha Kiprotestanti cha Syria kilipata hati yake New York mwaka 1863, nacho kikafunguliwa Beirut tarehe 3 Desemba 1866 kikiwa na wanafunzi 16. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mmisionari Mmarekani, Daniel Bliss. Mwanzoni masomo yalifundishwa kwa Kiarabu, lakini katika miaka ya 1880 Kiingereza kilichukua nafasi hiyo. Vijana Wakristo, Waislamu, Wadruzi na Wayahudi walisoma pamoja. Mwaka 1902 uongozi ulimwangukia mwanawe, Howard Bliss, ambaye ndiye aliyekiongoza Chuo katika miaka ya vita.

Vita vinapoingia

Uturuki iliingia vitani upande wa Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1914, ikiwa imekwisha kuyafuta mapatano ya kale yaliyowapa wageni kinga ya kisheria. Shule za Wafaransa zilifungwa kama mali ya adui, kikiwamo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu cha Wajesuiti mjini Beirut. Marekani haikuwa imeingia vitani, hivyo Chuo cha Bliss kiliachwa. Lakini kiliachwa chini ya macho ya Jemal Pasha, kamanda wa jeshi na mtawala wa Syria, ambaye mwaka 1915 na 1916 aliwanyonga hadharani wazalendo wa Kiarabu.

Uongozi wa Chuo ulishika njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kutii sheria. Serikali ilipotoa kanuni mpya za shule za binafsi mwaka 1915, kuhudhuria ibada kulifanywa kuwa hiari. Hilo halikuwa jambo jepesi. Mwaka 1909 wanafunzi Waislamu na Wayahudi walikuwa wamegomea ibada ya lazima, na wadhamini wa Chuo wakaishikilia kanuni yao. Hivyo kile ambacho wanafunzi hawakukipata kwa kuomba, serikali ilikipata kwa kuamuru.

Njia ya pili ilikuwa huduma. Waganga na wauguzi wa Chuo waliwatibu askari majeruhi wa jeshi la Kituruki. Naye Jemal Pasha, aliyeona faida ya kazi hiyo, alikiruhusu Chuo kununua chakula kwa bei ya jeshi. Ruhusa hiyo ndiyo iliyookoa maisha ya wengi Chuoni, kwa kuwa nzige wa mwaka 1915, manowari za Waingereza na Wafaransa zilizoziba pwani, jeshi lililochukua nafaka, na walanguzi walioficha shehena, vyote kwa pamoja vilileta njaa kuu. Inakadiriwa kwamba katika Mlima Lebanoni walikufa watu kati ya 100,000 na 200,000. Mwalimu Bayard Dodge na mkewe Mary, binti wa Howard Bliss, waliendesha jiko la kuwalisha wenye njaa katika kijiji cha Abeih.

Mwaka 1917 na gharama ya kunyamaza

Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani tarehe 6 Aprili 1917, na tarehe 20 mwezi huo Uturuki ikavunja uhusiano wa kibalozi na Marekani. Chuo kilifungwa kwa muda mfupi, kisha kikaruhusiwa kuendelea. Hata hivyo, nchi hizo mbili hazikutangaziana vita, na sababu mojawapo ilikuwa karibu sana na Chuo chenyewe. Baba yake Bayard, tajiri Cleveland Dodge wa New York, alikuwa rafiki wa Rais Woodrow Wilson tangu ujana wao. Alimsihi Rais asiingie vitani na Uturuki, asije akahatarisha vyuo na kazi ya misaada. Desemba 1917 Wilson aliliomba Bunge litangaze vita dhidi ya Austria na Hungaria, lakini Uturuki akaiacha nje.

Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais kabla yake, alilipinga jambo hilo kwa maneno makali. Kwake yeye, mauaji ya Waarmenia yaliyoanza mwaka 1915 yalidai vita, na kuyaacha kwa ajili ya usalama wa shule ilikuwa aibu. Waliomtetea Dodge walijibu kwamba yeye mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuwachangia Waarmenia fedha, na kwamba vita vingeifunga hata njia ya msaada. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Chuo kilibaki wazi, lakini gharama ya ukimya ule haikulipwa na walimu wala wanafunzi wake.

Baada ya vita

Waturuki waliondoka Beirut Oktoba 1918. Mwaka 1919 Howard Bliss alikwenda Paris kwenye mkutano wa amani, akaomba wenyeji wa Syria waulizwe wenyewe wanataka serikali gani. Alifariki Mei 1920, na Novemba mwaka huo Chuo kikaitwa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, jina linalotumika hadi leo.

Beirut wageni walibaki kwa sababu hata mtawala mkali alizihitaji huduma zao. Kilimanjaro wageni waliondolewa, lakini shule zilibaki kwa sababu wenyeji walizihitaji na walikuwapo wa kuzifundisha. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wenyeji walibarikiwa huko. Vita vya pili vilipowaondoa Wajerumani tena, kuanzia mwaka 1939, wachungaji hao walikuwa tayari kazini.