Wito wa kurejesha pikapu (Mombasa)

Wito wa kurejesha gari ni tangazo la mtengenezaji kwamba gari aliloliuza lina hitilafu ya kiusalama na litatengenezwa bila malipo. Mfano mzito ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyofungwa hata katika pikapu za Toyota Hilux na Ford Ranger. Joto na unyevu, hali ya kila siku Mombasa kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale, huiharibu nitrati ya amonia inayoujaza mfuko gesi. Ajali ikitokea, kasha la chuma lenye kemikali hiyo huweza kupasuka na vipande kumchoma dereva shingoni. Kasoro hiyo iliifilisi Takata mwaka 2017. Hatari zaidi ni kwa aliyenunua gari lililotumika ng'ambo, kwani tangazo huenda lilimfikia mmiliki wa kwanza tu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinalinda usalama wa mtumiaji. Mnunuzi aihakiki namba ya chasi kwa mtengenezaji kabla ya kulipa.