Kikombe cha Samunge na Sheria ya Kujuana: Historia ya Ulinzi wa Mtumiaji wa Tiba Isiyothibitishwa nchini Tanzania

Mkazi wa kisiwa cha Juani aliyetaka kunywa kikombe cha Samunge mwaka 2011 alilazimika kuvuka maji mara mbili kabla ya kuianza safari ya nchi kavu: kwa mashua hadi kisiwa kikuu cha Mafia, kwa chombo hadi Nyamisati, kisha Dar es Salaam, Arusha na barabara ya vumbi ya Loliondo. Kikombe chenyewe kilikuwa shilingi 500. Juani inatumika hapa kama kipimo tu. Insha hii inadai kwamba umbali huo baina ya mgonjwa na mganga ndio ambao sheria ya Tanzania haikuuandalia jibu.

Sheria ya madaktari ya mwaka 1968 haikumpiga marufuku mganga wa jadi. Ilimruhusu kutibu mradi jumuiya yake inamtambua kuwa na ujuzi, atibu ndani ya jumuiya hiyo, na asitende jambo la kuhatarisha maisha. Sharti la jumuiya laweza kuonekana kuwa mabaki ya fikra za kikoloni za kumfungia Mwafrika kabilani mwake, na rai hiyo ina uzito. Hata hivyo lilikuwa na mantiki yake. Katika kijiji cha kisiwani, mganga hujulikana ukoo wake, aliyemfundisha, waliopona na waliomfia mikononi. Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake Mafia mwaka 1965 katika kijiji cha Kanga, ameueleza uganga kama sehemu ya maisha ya jamaa na majirani. Kujuana hakukuzuia madhara yote, lakini kulimpa mgonjwa habari ambazo hakuna ofisi iliyoweza kumpa.

Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliuvunja utaratibu huo bila kukusudia. Alisema dawa yake, iliyochemshwa kwa mti wa mugariga, ilioteshwa na Mungu, na kwamba ilifanya kazi ikitolewa kwa mkono wake pekee. Ilitajwa kutibu UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Maelfu waliokwenda hawakumjua yeye wala waliotangulia kunywa. Walijua sifa yake tu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na hadi mwishoni mwa Machi 2011 zilitolewa taarifa za watu wapatao 50 waliofariki wakisubiri zamu. Bei ndogo ya kikombe ilificha gharama halisi, yaani nauli, na kwa baadhi ya wagonjwa, kuacha dawa za kufubaza virusi, jambo ambalo madaktari walilionya.

Vyombo vya kisheria vilikuwapo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikwisha kuunda Baraza lake, na mamlaka ya chakula na dawa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Wataalamu waliichunguza dawa, wakatangaza kuwa ni salama kwa mnywaji. Swali lililojibiwa ni kama kikombe kinaua. Swali la mgonjwa lilikuwa kama kinaponya, na lenyewe lahitaji miezi ya kufuatilia wanywaji. Katika pengo hilo, neno "salama" lilisikika kama "inatibu", hasa viongozi wa serikali walipoonekana nao wakinywa.

Mwasapile alifariki mwaka 2021. Pengo hilo sasa linaikabili tiba ya seli shina. Hapa mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa sehemu yake moja ni tiba iliyothibitishwa: upandikizaji wa uloto hutumika kutibu baadhi ya magonjwa ya damu, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imewatibu hivyo watoto wenye selimundu. Jina hilohilo hutumiwa duniani na kliniki zinazouza sindano za magoti, kisukari na kiharusi bila ushahidi wa kutosha. Mgonjwa wa Juani hana wa kumuuliza nani alipona. Muuzaji hana jirani kisiwani.