Mtoto mgonjwa: Lini abaki nyumbani, lini aende shuleni

WAZAZI wengi humpa mtoto mwenye homa dawa ya kutuliza joto alfajiri, wakamvisha sare na kumfikisha langoni kabla ya kengele kulia. Kufikia saa nne dawa imeisha nguvu, homa imerejea, na mwalimu anahangaika kumtafuta kwa simu mzazi ambaye yuko kazini. Wakati huo wote mtoto amekuwa akibanana dawatini na wenzake.

Kwa kawaida wataalamu wa afya hushauri kwamba mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi asirudi darasani hadi apitishe saa 24 bila homa, tena bila kusaidiwa na dawa. Anayeharisha au kutapika yafaa akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu dalili hizo zilipokoma. Muda huo huenda ukaonekana mrefu, hasa mitihani ikiwa imekaribia, lakini palipo na vyoo vichache na maji ya kunawa mikono ya kubahatisha, mtoto mmoja aweza kuliambukiza darasa zima. Nyumbani apewe maji yenye chumvi na sukari yanayotengenezwa kwa pakiti za zahanati. Macho yakididimia, mkojo ukipungua au mwili ukilegea, apelekwe hospitalini mara moja.

Surua, ambayo wengine huiita ukambi, ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea na huendelea kwa siku nne baadaye. Virusi vyake vyaweza kudumu hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu kumi wasio na kinga walio karibu naye, tisa huambukizwa. Nchini Kenya, chanjo yake hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9, kisha miezi 18. Aliyekosa dozi ya pili hajakingwa ipasavyo, hata kama kadi yake ya kliniki inaonyesha ya kwanza.

Mwenye tetekuwanga hurudi shuleni malengelenge yote yanapokauka na kufanya magamba, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku tano au sita. Asipewe asipirini kamwe, kwani yaweza kudhuru ini na ubongo wake. Iwapo kuna mwalimu mjamzito shuleni, afahamishwe upesi. Matubwitubwi humfungia mtoto nyumbani siku tano tangu mashavu yavimbe, nayo kifaduro siku tano tangu aanze kumeza dawa za kuua bakteria.

Hata hivyo, kuna watoto wanaofukuzwa darasani bila sababu. Makamasi na kikohozi chepesi, pasipo homa, si hoja ya kukosa masomo. Mwenye choa anaweza kuhudhuria mara tu matibabu yanapoanza, na mwenye upele baada ya kupakwa dawa mara ya kwanza. Chawa ni kero tu. Malaria haitoki dawati moja hadi jingine. Anayeugua hupumzika kwa sababu ya udhaifu wake mwenyewe. Kifafa hakiambukizi kabisa, wala virusi vya Ukimwi havisambazwi kwa kuketi, kucheza au kula pamoja. Kumtenga mtoto kwa sababu hizo ni kumpokonya haki ya elimu ya msingi, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa kila mtoto.

Shule za bweni zina tatizo lao, kwa kuwa humo nyumbani na shuleni ni pamoja. Mnamo Aprili 2023, Shule ya Wasichana ya Mukumu, Kakamega, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na baadhi yao kufariki. Katika hali kama hiyo, kuwatawanya wanafunzi bila kuwapima kwaweza kuufikisha ugonjwa vijijini. Chumba cha kuwatenga wagonjwa na muuguzi wa kuwatazama vyahitajika mapema.

Mzazi anapomzuia mtoto, amweleze mwalimu wa darasa dalili zilizoonekana na siku zilipoanza, ili wengine wachunguzwe. Lakini shingo ikikakamaa, mtoto akipatwa na degedege, akipumua kwa shida au akashindwa kuamshwa, asiwekwe nyumbani kungoja apate nafuu. Apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.