Motokaa ya Juu na Motokaa ya Chini katika Njia ya Kajiado

Msomaji, ukisimama asubuhi na mapema kando ya barabara kuu pale Kitengela, utaziona motokaa zikielekea Nairobi, zimefuatana kama siafu. Nyingine ni za chini, zile ambazo wazee wetu waliziita saluni. Nyingine zimeinuka juu ya magurudumu makubwa, na madereva wake huwatazama wenzao kama watu waliopanda ngamia. Zote zi juu ya lami ile ile, na zote zaenda mwendo mmoja, yaani mwendo wa jongoo.

Mwanachuo wangu mmoja, kijana anayejiandaa kuwa mwalimu, aliniuliza: “Mwalimu, mtu anayekaa huku kwetu na kufanya kazi mjini, anunue ipi kati ya hizi mbili?” Nilimwambia kwamba swali lake si geni, limeulizwa katika nyika hii kwa zaidi ya miaka sabini, na waliolijibu kwanza hawakulijibu kwa maneno bali kwa matope. Ndiyo habari ninayotaka kukusimulia.

Yafaa kwanza uijue ardhi yenyewe. Kutoka Athi River kupita Kitengela hadi Isinya, sehemu kubwa ni tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huu hukauka na kupasuka, hata mguu wa mbuzi waweza kuzama katika nyufa zake. Mvua inyeshapo hunywa maji, huvimba, hufunga nyufa, kisha huwa utelezi usio na mwisho. Hushika tairi na kujaza mifereji yake yote, hata tairi iliyokuwa na meno ikawa laini kama chungu kilichopakwa mafuta. Ukifika karibu na mji wa Kajiado, nchi huanza kubadilika, mawe na changarawe huonekana, na safari hupata nafuu kidogo. Njia hii ya Nairobi, Kajiado, Namanga na Arusha ilikuwa sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo Waingereza waliota kuinyoosha kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Kairo. Ndoto ilikuwa kubwa, lakini matope yalikuwa makubwa kuliko ndoto.

Mwezi wa Aprili 1948, katika maonyesho ya motokaa mjini Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha chombo kipya kilichoitwa Land Rover. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu iliyotangulia, na chuma cha bati kilikuwa haba. Kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu. Mfano wake ulikuwa jipu la Wamarekani. Injini iliweza kusukuma magurudumu yote manne, na ilikuwa na gia za ziada za kutambaa polepole penye mzigo au mwinuko. Kumbuka, msomaji, kwamba chombo hiki kilikusudiwa shamba. Kilikuwa ndugu wa trekta kuliko ndugu wa saluni, na aliyewahi kusafiri juu ya viti vyake vya nyuma toka Namanga hadi Nairobi hahitaji kuthibitishiwa neno hilo. Huku kwetu ilikuwa motokaa ya kazi: ya bwana wa wilaya, ya daktari wa mifugo, ya askari wa wanyama pori. Walioinunua walikuwa na shughuli ya kuiacha njia na kuingia porini.

Na wasafiri wengine je? Mwalimu, mfanyabiashara, karani, walipita katika njia zile zile kwa motokaa za chini. Ushahidi ulio mashuhuri kuliko wote ni ule wa mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo mwanzo motokaa ziligawanywa katika makundi kwa kufuata bei zake dukani, jambo ambalo kwangu mimi lina hekima nyingi, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida hulinganisha vitu anavyoweza kuvilipia. Baadaye mashindano yakawa ya Pasaka, katikati ya masika, ili matope yasikosekane.

Itazame orodha ya washindi. Volkswagen, ile ndogo yenye mgongo wa kobe, ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi na dereva aliyezaliwa Kericho, akiwa pamoja na ndugu yake Jaswant. Motokaa yao ilikuwa Volvo kuukuu iliyokwisha kutumika katika mashindano ya nyuma. Katika orodha hiyo hakuna Land Rover hata moja.

Hapa ningependa usimame kidogo, maana mwanafunzi wa historia asiyesimama hapa atadanganyika. Je, orodha hiyo yathibitisha kwamba motokaa ya chini ni bora kwa matope? La. Mashindano yalikuwa ya motokaa za namna ya saluni, na asiyeingia uwanjani hawezi kushinda wala kushindwa. Tena, mwaka 1963 zilianza safari motokaa 84, zikafika mwisho 7 tu. Watu huwakumbuka wale saba. Mimi huwafikiria wale wengine, waliobaki katika mitaro wakingoja kuvutwa. Na bingwa wa mashindano hana watoto nyuma wanaotakiwa shuleni saa mbili kasorobo.

Jambo ambalo orodha hiyo yathibitisha kweli ni dogo kuliko hilo, ila lina uzito: kimo peke yake sicho kilichovusha watu. Volkswagen ile ilikuwa nyepesi, kilo mia saba na ushei, na injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, ikayakandamiza chini yashike ardhi. Tumbo lake lilikuwa bapa, likateleza juu ya matope badala ya kuyachimba. Peugeot ilikuwa na springi ndefu na laini zilizomeza mashimo. Na zote mbili zikikwama, watu watano wenye nguvu wangeweza kuzisukuma. Landrova, kama tulivyozoea kuiita, ikikwama hungoja trekta, tena aghalabu hukwama mbali zaidi, kwa sababu imempa dereva wake moyo wa kwenda asikopaswa kwenda.

Basi kwa muda mrefu jambo lilikuwa wazi: landrova kwa pori, saluni kwa njia, hata kama njia ilikuwa mbovu. Kilichovuruga mpango huo ni ardhi ya Kitengela yenyewe kubadilika.

Baada ya sheria ya mwaka 1968, Wamaasai wa Kajiado waliandikishwa katika ranchi za vikundi, ambamo ardhi ilikuwa mali ya wote. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ikagawanywa kwa wanachama wake mwaka 1988. Mwaka 1990 serikali ikaanzisha eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nchi za nje pale Athi River, na wafanyakazi wakatafuta mahali pa kulala. Shamba likawa viwanja, viwanja vikawa nyumba. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ikakuta 1,117,840. Nayo barabara kuu, kutoka Athi River hadi Namanga na kuendelea Arusha, ilijengwa upya na kuzinduliwa mwaka 2012.

Waona matokeo yake? Watu wengi wa Kitengela wana safari mbili katika safari moja. Ya kwanza ni fupi: kilomita moja, mbili au nne kutoka mlangoni mpaka lami, juu ya ule udongo mweusi wa zamani, ambao mwenye kuuza kiwanja hautaji, na ambao mnunuzi huutambua mvua ya kwanza. Ya pili ni ndefu: lami tupu mpaka Nairobi. Safari fupi yataka landrova. Safari ndefu yataka saluni. Mshahara mmoja hauwezi kununua zote mbili.

Ndipo wafanyabiashara wakaja na jibu. Mwaka 1994 kampuni ya Toyota ilianza kuuza RAV4, ambayo kwa nje ilifanana na motokaa ya pori, bali chini yake ilijengwa kama saluni. Kampuni nyingine zikafuata. Leo motokaa nyingi tuziitazo za juu ni za ukoo huo, nazo hutufikia zimekwisha kutumika ng'ambo, kwa kuwa sheria ya Kenya huruhusu motokaa isiyozidi miaka minane. Zimeinuka, naam, lakini nyingi kati yake husukumwa na magurudumu mawili ya mbele tu, sawasawa na saluni ya jirani. Mnunuzi huona kimo akadhani ameona nguvu. Nakusihi, siku yako ya kununua itakapofika, uiname uchungulie ekseli ya nyuma kabla hujauliza bei.

Juu ya gharama sitakuchosha. Kilicho kizito hunywa petroli zaidi, na tairi kubwa huuzwa kwa bei kubwa. Na kilichoinuka hupinduka upesi kuliko kilicholala, dereva akikata kona kwa ghafula. Lakini yako mambo ambayo hesabu ya petroli haiyafikii, nami nililiona moja kwa macho yangu.

Masika ya mwaka 2024 yaliiletea Kenya mafuriko makubwa, na Kitengela na Athi River hazikunusurika. Usiku mmoja wa Aprili jirani yangu alinigongea mlango. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Motokaa yangu, ya chini, ilikuwa imezama matope mpaka kwenye milango, haikufaa hata kutajwa. Yake ilikuwa ya juu, mpya kwake, mkopo wake haujafika nusu. Kati ya mtaa wetu na lami pana bonde dogo, ambalo wakati wa jua hujui kuwa ni bonde. Tulipofika, maji yalikuwa yakipita. Nilimwambia, “Jirani, tungoje.” Akanijibu, “Mwalimu, hii iko juu. Itapita.” Nami, kusema kweli, nilimwamini, maana mama yule alikuwa akilia.

Maji yasiyozidi nusu mita, yakienda kwa kasi, yatosha kuipokonya motokaa ndogo ardhi, na yakizidi hapo kidogo huelea hata kubwa. Jambo hili nililisoma baadaye. Usiku ule niliona tu kwamba magurudumu ya nyuma yameacha kukanyaga, usukani umekuwa mwepesi mikononi mwa jirani yangu, na taa zetu, zilizokuwa zikimulika ng'ambo, zimeanza kumulika upande. Mgunga mmoja ulituzuia. Vijana wa mtaa walikuja na kamba, wakamtoa mama yule kwa dirisha, wakambeba juu ya mlango uliong'olewa katika banda la mbuzi, wakamvusha palipokuwa pembamba, mpaka lami. Pale juu ya lami alichukuliwa na teksi, motokaa ya chini, kuukuu, iliyokuwa ikingoja abiria. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya alfajiri, yeye na mamaye wazima.

Jirani yangu aliitengeneza ile motokaa, na angali akiiendesha. Asema bila kimo chake tusingefika hata kwenye ule mgunga. Mimi nasema bila kimo chake tusingeingia majini. Tumebishana neno hilo mara nyingi, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Yule mwanachuo nilimwonyesha la kufanya. Nilimwambia aipime kwa hatua njia ya kutoka nyumbani kwake mpaka lami, ahesabu siku ambazo haikupitika mwaka uliopita, kisha ahesabu siku alizokwenda Nairobi. Alirudi na daftari lake baada ya juma moja: siku kumi na tisa za matope, siku mia mbili na arobaini za lami. Akanunua ya chini. Siku za mvua kubwa huiacha kwa mwenye duka aliye kando ya barabara kuu, huvaa mabuti ya mpira, na huenda kwake kwa miguu, viatu vya kazini amevishika mkononi.