Geji Tano za Porsche
Ingia kwenye Porsche 911 ya miaka ya 60, bwana, utazame mbele. Geji tano za duara, na ile kubwa ya katikati si ya spidi. Ni ya mizunguko ya injini! Dereva wa mbio hashughuliki na kilomita. Anataka kujua abadili gia lini. Ikaja 992 mwaka 2018: katikati mshale ukabaki, nne za pembeni zikawa picha za skrini. Tena usukani ukazifunika zile za ukingoni, ikabidi dereva achungulie. Mwaka 2024 mshale wa mwisho nao ukaondolewa, ikawekwa skrini moja ya inchi 12.6. Inapendeza, sikatai. Ila mshale ulikuwa unausoma kwa jinsi ulivyolala tu, macho yakiwa bado barabarani.