Kutoka Hofu ya Kukonda hadi Hofu ya Sukari: Historia Fupi ya Utafiti wa Lishe kwa Wenye Majeraha ya Uti wa Mgongo

Makala haya yanafuatilia namna swali la lishe ya watu waliojeruhiwa uti wa mgongo lilivyobadilika tangu karne ya 20, na yanadai kuwa msamiati wa Kiswahili haujaenda sambamba na mabadiliko hayo.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wa askari waliopata jeraha hili walifariki mapema kutokana na vidonda vya mgandamizo na maambukizi ya njia ya mkojo. Mwezi Februari 1944, Ludwig Guttmann alianzisha kituo cha majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wagonjwa waligeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Katika mazingira hayo, kazi kuu ya lishe ilikuwa kurudisha protini iliyopotea kupitia vidonda. Adui alikuwa kukonda.

Wagonjwa walipoanza kuishi miaka mingi, adui mwingine alijitokeza. Misuli iliyopooza husinyaa, mahitaji ya nishati hupungua, na mafuta huchukua nafasi ya misuli hata pale uzito usipoongezeka. Mwaka 1994, William Bauman na Ann Spungen walichapisha nchini Marekani matokeo ya kuwapima askari wastaafu 100 wenye jeraha hili na 50 wasio nalo. Kisukari kilibainika kwa asilimia 22 ya kundi la kwanza na asilimia 6 ya kundi la pili.

Kipimo chenyewe nacho kikatiliwa shaka. Mwaka 2009, watafiti wa Kanada walipendekeza kwamba, kwa watu hawa, unene uliokithiri uhesabiwe kuanzia uwiano wa uzito na urefu wa 22, badala ya 30 inayotumika kwa watu wazima kwa jumla. Mwongozo wa kitabibu uliotolewa Marekani mwaka 2018 ulikubali kigezo hicho. Hivyo, mwenye uwiano wa 24 huonekana mzima katika jedwali la kawaida ilhali yumo hatarini.

Hapa mwanaisimu ana la kuchangia. "Uti wa mgongo" hutaja pingili za mifupa na pia neva zipitazo ndani yake. Tena wasikilizaji wengi hukumbuka kwanza homa ya jina hilo. Kumwambia mgonjwa kuwa "amenawiri" ni kumsifu, na "utapiamlo" katika mazungumzo ya kila siku humaanisha upungufu tu. Kwa msamiati huo, bado tunaogopa kukonda peke yake, kama ilivyokuwa mwaka 1944.

Kwa hiyo, waandaaji wa miongozo ya lishe kwa Kiswahili hawana budi kutenganisha mifupa na neva katika istilahi zao, na kueleza waziwazi kwamba jedwali la uzito la watu wote halimfai kila mtu. Mgonjwa aliyeambiwa yu salama hana sababu ya kwenda kupima sukari.