Maandishi yanatoka na ukungu ukiprinti kutoka Photoshop? Hii ndiyo sababu na dawa yake

Kadi ya mchango wa harusi inaweza kuwa na picha safi na rangi zilizokaa vizuri, lakini namba ya simu ya mweka hazina ikatoka na ukungu. Mtu akisoma 3 kama 8, mchango unaingia kwa mtu mwingine.

Kwa mwenye steshenari Kitangari, wilayani Newala, hilo si suala la urembo tu. Korosho zikianza kuuzwa, kazi za kadi na matangazo nazo huongezeka. Kazi ikirudishwa, karatasi na wino vinamtoka fundi mwenyewe.

Tatizo linaanzia wapi

Photoshop, programu ya kampuni ya Adobe iliyoingia sokoni mwaka 1990, ilitengenezwa kwa ajili ya picha. Picha hujengwa kwa pikseli, yaani vinukta vya mraba vilivyopangwa kama vigae vya sakafuni.

Herufi ya fonti ni kitu tofauti. Ni mchoro wa mistari, au vekta. Ukiikuza hata ijae ukuta, kingo zake hubaki zimenyooka. Ikigeuzwa pikseli, kingo hupata vingazi vidogo, na programu huvificha kwa kuweka pikseli za kijivu pembeni.

Kwenye skrini huoni shida. Lakini printa ya leza ya rangi moja haina wino wa kijivu. Inauigiza kwa kutawanya nukta nyeusi, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa.

Kwa hiyo kanuni ni moja: maandishi yabaki maandishi mpaka yafike kwenye printa.

Anza na ukubwa sahihi

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukifungua kazi kwa pikseli 72 kwa inchi, unapata pikseli 595 kwa 842 tu. Kwa 300, unapata 2,480 kwa 3,508, zaidi ya mara 17 ya zile za kwanza.

Weka 300 tangu mwanzo. Kama maandishi madogo ni lazima yawe pikseli, 600 ni bora zaidi. Kupandisha namba hiyo mwishoni hakuokoi herufi zilizokwisha kugeuzwa, kwani kompyuta inakisia tu pikseli za kujazia.

Usiunganishe leya

Amri mbili za kuepuka ni Rasterize Type na Flatten Image. Zote hugeuza herufi kuwa pikseli.

Hifadhi kazi kama Photoshop PDF huku alama ya Layers ikiwa imewekwa, kisha fungua faili hilo kwa Acrobat Reader na uprinti kutoka huko. Ukiprinti moja kwa moja, Photoshop hupeleka vekta kwa printa zinazoelewa lugha ya PostScript tu, na printa nyingi ndogo za dukani haziielewi.

JPEG iache kwa picha. Hugeuza kila kitu pikseli, halafu hubana faili na kuacha madoa kuzunguka herufi.

Mteja akituma kazi kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti, si kama picha, maana picha hupunguzwa ubora njiani. Aliyetumia Canva apakue PDF ya kuchapa badala ya PNG.

Nyeusi iwe nyeusi kweli

Kwa kazi inayokwenda kiwandani, maandishi madogo yatumie wino mweusi peke yake: 100 kwa nyeusi, 0 kwa samawati, majenta na njano. Rangi nne zikirundikana kwenye herufi moja, karatasi ikisogea kidogo tu herufi inaonekana mbili.

Maandishi meupe juu ya rangi nzito yanataka fonti nene. Herufi nyembamba humezwa na wino.

Njia rahisi zaidi

Tengeneza picha ndani ya Photoshop, halafu andika maneno kwenye programu inayotunza herufi kama herufi: Word, CorelDRAW, Illustrator au Inkscape, ambayo ni ya bure.

Kabla ya kutoa nakala zote

- Printi nakala moja kwa ukubwa wa asilimia 100, bila kuchagua "Fit".
- Zima mpangilio wa kuokoa wino.
- Angalia 3, 6, 8 na 0, maana ndizo huchanganywa haraka.
- Mpe mteja nakala hiyo asome namba zote kwa sauti. Akisita kwenye tarakimu moja, rudi kwenye faili kabla hujaprinti nyingine.